Shuhuda za wateja kwenye tovuti ya mchele: jibu kwa dada wa Mwanjelwa

Swali

"Habari za kazi kaka. Nauza mchele wa Kyela, nina fremu Mwanjelwa hapa Mbeya. Tangu Januari nina tovuti, nataka watu wa Dar na Dodoma waagize viroba vya kilo 5, 10 na 25, walipe kwa Lipa Namba, niwatumie kwa basi. Kuna ukurasa wa shuhuda za wateja, zipo 12, nyingi zinasema 'huduma nzuri, Mungu awabariki'. Watu wanaingia, wanasoma, halafu wananifuata WhatsApp kuniuliza watajuaje kwamba mimi si tapeli. Wengine hawarudi tena. Kijana aliyenitengenezea tovuti anasema shuhuda ni chache, tutunge wenyewe kama 20 hivi na tuchukue picha za watu mtandaoni, eti kila mtu anafanya hivyo. Je, nikubali? Kama siyo, nazipataje zenye nguvu na naziweka wapi? Halafu kuna mteja aliyenunua Juni, aliandika hadharani kwamba mchele wangu ulishikana kama bokoboko. Huyo nimfute?"

Jibu

Dada yangu, pole na hangaiko la biashara. Naanza na ushauri wa kijana wako kwa sababu huo hausubiri: usikubali. Usiweke hata ushuhuda mmoja wa kutunga.

Tazama unauza nini. Mtu wa Kimara ana duka la mchele hatua chache kutoka mlangoni kwake. Akiamua kumlipa mtu wa Mbeya asiyemjua, kisha asubiri basi litembee zaidi ya kilomita 800, anachofuata ni jina la Kyela na ile harufu. Na jina hilo limechakachuliwa kiasi kwamba kila mchele unaonukia kidogo, hata ukitoka Mbarali au Kamsamba, unaweza kukuta kiroba chake kimeandikwa Kyela. Kwa hiyo mteja wako anafika kwenye tovuti akiwa ameshauziwa uongo mara moja au mbili. Macho yake yanautafuta. Akiona picha ya mtu anayetabasamu kama wa kwenye tangazo la dawa ya meno, anaipitisha kwenye Google Lens, ile programu ya kutafuta kwa picha, sekunde kadhaa tu, na kuikuta picha ileile kwenye tovuti kumi za nchi nyingine. Hapo hatasema kijana wa tovuti kakosea. Atasema kama watu ni wa kubandika, na mchele ni wa kubandika.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na mteja wa kutunga ni upotoshaji mtupu. Huko Marekani mamlaka yao ya biashara ilitunga kanuni ya kupiga marufuku maoni bandia, ikaanza kutumika Oktoba 2024. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, ningekuambia hivyohivyo. Biashara yako yote inasimama juu ya sentensi moja, "huu ni wa Kyela kweli". Huwezi kuitetea sentensi hiyo ukiwa umeizungushia uongo.

Sasa tuje kwenye shuhuda zako 12 ambazo ni za kweli na bado hazifanyi kazi. Nimezisoma zote. Tatizo lake si uchache.

Kumbuka mteja anavyonunua pale kwako sokoni. Anaingiza mkono kwenye gunia, anachota chini kabisa, maana anajua mzuri huwekwa juu. Anafungua kiganja, anapuliza pumba, anaangalia chenga na mawe. Anasogeza puani. Anatafuna punje mbili tatu. Halafu anakaza macho kwenye mzani. Muda wote huo hajakuuliza hata mara moja kama una huduma nzuri.

Mtu wa Dodoma aliyeshika simu hana namna ya kuingiza mkono kwenye gunia lako. Ushuhuda mzuri unamwazima mkono, pua na meno ya mtu aliyekwisha kula. Ukimwazima "Mungu awabariki" umempa dua, na dua ni jambo jema, ila bado hajui kama kuna mawe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko kwenye tovuti. Fungua WhatsApp yako, rudi nyuma mpaka Januari, chukua daftari, andika kila swali ulilowahi kuulizwa kabla mtu hajalipa. Liandike kwa maneno yake yeye, usilisafishe. Nina hakika utakuta hofu tano au sita zinazojirudia: je, ni Kyela kweli au umechanganywa, una chenga na mawe kiasi gani, kilo 25 ni 25 za mzani au za maneno, nikishatuma pesa utapokea simu yangu, mzigo utafika lini na nitaupokelea wapi. Mama lishe atakuwa na la sita, kama wali unaongezeka sufuriani. Weka alama kila swali linapojirudia. Lenye alama nyingi ndilo ushuhuda wako wa kwanza unapaswa kulijibu. Kwa maelezo uliyonipa, kwako ni la utapeli. Maana yake ni kwamba ushuhuda unaosifia harufu, hata ukiwa mtamu namna gani, kwa sasa unakuja wa pili. Mtu kwanza anataka kujua kama pesa yake itarudi na mchele au haitarudi na chochote.

Nikupe mfano wa jambo nililoliona kwa macho. Niliwahi kusaidia nyumba ndogo ya wageni huko Tukuyu. Tovuti yao ilijaa "mazingira mazuri", "wahudumu wakarimu", na bado kila aliyepiga simu aliuliza kitu kimoja: maji ya moto yapo? Unaijua Tukuyu ya mwezi wa sita na ukungu wake. Kwenye daftari la wageni tulikuta mgeni mmoja, dereva wa gari la ndizi, ameandika kwamba aliondoka saa kumi na moja alfajiri na alioga maji ya moto. Mstari mmoja. Tukamwomba ruhusa, tukauweka palepale chini ya bei ya chumba. Swali la maji ya moto likapungua sana kwenye simu, na wale waliopiga wakawa wanauliza kama kuna nafasi. Maneno ya dereva yule yalizidi nguvu sifa zote za mazingira, kwa sababu yaligusa palipokuwa panauma.

Namna ya kuyapata maneno ya aina hiyo ni kuuliza vizuri na kwa wakati wake. Wengi wetu tunaharibu kwenye wakati. Mzigo ukifika tu stendi ya Magufuli tunatuma ujumbe, "Naomba maoni yako". Mteja hajafungua kiroba, atasema nini zaidi ya asante? Mchele haujajulikana mpaka uwe umeingia jikoni. Kwa kiroba cha kilo 5 au 10 subiri siku tatu au nne. Kwa mama lishe subiri wiki, apike mara kadhaa, wateja wake waseme. Kama umemuuzia mtu mchele wa harusi, usimsumbue kabla ya sherehe. Mpigie wiki inayofuata wakati ndugu bado wanazungumzia kile chakula.

Na piga simu, usitume fomu. Watu wetu wakiandika wanaandika kwa adabu, wakiongea wanasema kweli. Fomu itakurudishia "huduma nzuri". Simu, au ujumbe wa sauti, itakurudishia "mie nilijua nimeshapigwa, mume wangu alinigombeza kabisa". Hayo ndiyo unayoyatafuta. Mimi huuliza maswali manne hivi, kwa mpangilio huu: Kabla hujalipa ulikuwa na wasiwasi gani? Mzigo ulipofika kitu gani cha kwanza ulikiona? Umeupikaje, na nyumbani walisemaje? Kuna kitu hakikukupendeza? Swali la kwanza ndilo lenye utajiri, kwa sababu wasiwasi aliokuwa nao yeye ndio alionao huyu anayesoma sasa. La mwisho usiliruke hata likikutisha. Ukimpa mtu nafasi ya kusema kasoro, sifa zake nazo zinakuwa na uzito.

Usimwekee maneno mdomoni. Ukimuuliza "mchele unanukia sana, eti?" atasema ndiyo, na utakuwa umejishuhudia mwenyewe kwa mdomo wake.

Ili uone umbo lake, hii hapa nimeitunga mimi, na kwa hiyo usiiweke kwenye tovuti: "Nilituma hela Jumatatu jioni huku roho inadunda. Asubuhi nikatumiwa picha ya risiti ya basi na jina la kondakta. Jumatano nikachukua mzigo Mbezi, nikapeleka kwa Mangi wa jirani kupima, kilo 10 na kidogo. Mawe sikuona. Chenga zipo ila chache." Chini yake: mteja wa Kimara, kiroba cha kilo 10, Septemba. Angalia, hapo hakuna neno "bora" wala "nzuri". Kuna siku, risiti, mzani, mahali, na kuna chenga. Hizo chenga chache zimemfanya msomaji ayaamini na yale mengine.

Kuhusu kuyarekebisha maneno ya mteja, hapa niliwahi kukosea na bado linaniuma. Mama mmoja wa Iringa, msusi wa vikapu vya milulu, alinipa maneno ya mteja wake wa miaka mingi. Nikayaona yamekaa hovyo, nikayanyoosha yakawa Kiswahili cha taarifa ya habari. Mteja alipoyasoma alimpigia yule mama na kumwambia, "Huyo siyo mimi." Hakuwa amekasirika, alikuwa ameumia. Nikayarudisha kama yalivyokuwa. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: kufupisha ruksa, kubadilisha hapana. Ukikata kipande cha katikati weka nukta tatu. Herufi iliyokosewa inayozuia maana rekebisha. Lakini mteja wako akimaliza na "ndaga fijo dada", yaani asante sana dada kwa Kinyakyusa, iache hapohapo kama ilivyo. Mnyakyusa aliyeko Dar akiikuta, hutahitaji kumweleza kwamba mchele wako umetoka kwa watu wanaoujua mpunga.

Ruhusa ni lazima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na jina la mtu, sura yake na namba yake ni mali yake. Mteja kukutumia ujumbe WhatsApp hajakupa idhini ya kuuanika. Na ruhusa si ya jumla. Iulize kitu kimoja kimoja. Wapo watakaokubali maneno na mtaa lakini si jina. Wapo watakaokubali jina lakini si picha. Unaweza kuandika hivi: "Shikamoo mama. Yale maneno uliyoniambia kuhusu mchele, naomba kuyaweka kwenye tovuti yangu ili wengine wasome. Nitaandika hivi hivi kama ninavyokutumia hapa chini. Je, niweke jina lako, au niseme tu mteja wa Kimara? Picha siweki mpaka uniambie. Siku yoyote ukitaka niyaondoe, niambie tu, nitayaondoa." Akijibu, hifadhi jibu lake kwenye faili moja na tarehe. Siku akisema ondoa, ondoa siku hiyohiyo na usimuulize kwa nini.

Hapa niseme na hizi skrinishoti ambazo wafanyabiashara wengi wanapenda kuzirusha. Nguvu yake naielewa, zinaonekana hazijaguswa. Lakini mara nyingi zinabeba namba ya simu, jina lililosajiliwa la M-Pesa, hata salio. Moja kwenye ukurasa wako wa sasa inaonyesha namba nzima ya mteja. Tafadhali iondoe leo kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Tena skrinishoti ni picha: kwenye simu ndogo maandishi yake hayasomeki, inakula bando, na Google hana uhakika wa kuyaelewa maneno yaliyomo. Yachape maneno yawe maandishi. Ukitaka kuweka skrinishoti moja au mbili kama uthibitisho, ziba namba na majina kwa rangi nzito isiyopenya. Ule ukungu wa kupaka juu juu wakati mwingine namba inasomeka chini yake.

Sasa mahali pa kuziweka. Ukurasa wa peke yake wa shuhuda ni kama kuweka mzani wa duka kwenye chumba cha nyuma. Mtu hasafiri kwenda kuutafuta. Kila ushuhuda upeleke kwenye hofu yake. Wa harufu na asili ya mchele uende chini ya picha ya mchele, pamoja na maelezo yako ya umetoka kijiji gani cha Kyela na umekobolewa wapi. Wa mzani ukae karibu na bei za viroba. Wa usafiri ukae pale unapoeleza basi na siku za kufika. Na ule wa "nilijua nimepigwa" ukae juu kidogo ya Lipa Namba, pale kidole kinapositasita. Huo mmoja, ukikaa pale, una kazi kubwa kuliko zote 11 zilizobaki. Ukurasa wa shuhuda zote unaweza kubaki kwa anayetaka kusoma zaidi, ila usiutegemee.

Na mwambie kijana aondoe ule utaratibu wa shuhuda zinazojizungusha zenyewe. Msomaji yuko kwenye mstari wa pili, maneno yanakimbia. Weka mbili au tatu zilizotulia, basi. Video kama unayo iwe fupi na isijiwashe yenyewe. Mtu akigundua umemla bando bila kumuuliza, anafunga.

Kuna jambo ambalo wauza nguo au simu hawana shida nalo sana, lakini wewe muuza mchele unalo: majira. Mchele wa mwezi wa saba uliotoka shambani juzi na mchele wa Februari uliolala ghalani si mchele mmoja, hata ukitoka jaruba lilelile. Mpya hauhitaji maji mengi, ukiuwekea maji ya kawaida unashikana. Uliokaa unakunywa maji zaidi na unachambuka. Ushuhuda usio na tarehe kwa hiyo unaweza kusema ukweli na bado ukampotosha mtu. Andika mwezi na mwaka kwenye kila ushuhuda, na kila msimu mpya unapoingia tafuta mbili tatu za mchele huo mpya, uziweke juu. Nane Nane ikifika nenda na daftari lako viwanja vya John Mwakangale. Watu wanaoonja wali pale na kusema neno usoni pako watakupa maneno ambayo hayapatikani kwa simu.

Hapo ndipo namrudia mteja wako wa bokoboko. Usimfute. Wewe mwenyewe umeniambia alinunua Juni. Mimi nadhani unajua kilichotokea: alipata mchele mpya, akaupika kwa maji aliyozoea. Alichokosa ni maelekezo yako. Ningekuwa wewe ningempigia kwanza, nimpe pole, nimweleze, nimpe na njia ya kuupika, kisha nimwombe ruhusa ya kuacha lalamiko lake lilipo na jibu langu chini yake. Jibu liwe fupi na lisiwe la kujitetea: pole, huu ulikuwa mchele mpya wa msimu huu, maji yake ni pungufu kidogo ya yale uliyozoea, kosa ni letu kwa kutokuandika kwenye kiroba, sasa tumeandika. Halafu andika kweli kwenye kiroba. Msomaji akifika hapo anapata vitu vitatu kwa mpigo: anajua wali wake autie maji kiasi gani, anajua mchele wako ni mpya kweli, na anajua siku akiwa na shida utapokea simu. Hilo la tatu ndilo alilokuwa anaulizia WhatsApp aliposema utapeli.

Malalamiko mengine, kama la kilo kupungua, hayajibiwi kwa maelezo. Hayo rudisha mchele uliopungua, au pesa, halafu ndipo uandike ulichofanya. Na likiwa ni kweli mara mbili kwa wiki, acha tovuti, nenda kaangalie mzani wako.

Chagua pia nani anamsemea nani. Mama lishe wa Dodoma hataguswa na maneno ya mwanafunzi aliyenunua kilo 5, na mwanafunzi hajali wali unaongezeka kiasi gani kwenye sufuria la watu 80. Kama unauza kwa makundi matatu, tafuta angalau mmoja wa kila kundi na uandike wazi ni mteja wa aina gani. Watu maarufu usiwahangaikie. Kwa chakula cha kila siku watu wanamwamini mwenzao anayepika kila siku. Dada yako wa tumbo moja naye asiwe shahidi wako. Ukilazimika kuweka maneno yake, sema ni ndugu.

Ziko sifa ambazo hata zikitoka mdomoni mwa mteja mwenyewe usiziweke. Atakuja mtu atakuambia mchele wako haumpandishii sukari, au umemtuliza tumbo. Mshukuru, umtakie afya njema, ukae nayo. Ukiichapa kwenye tovuti umegeuka mtoa dawa, na mgonjwa wa kisukari atakayesoma na kuongeza sahani ya pili yuko mikononi mwako. Vilevile usifikiri kwamba maneno ya wateja yanachukua nafasi ya taratibu za Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa chakula unachofungasha. Hizo ni njia mbili tofauti na unazihitaji zote.

Kuhusu Google nitasema machache. Sajili duka lako lionekane kwenye ramani zao, na wateja walioridhika waombe waandike maoni huko pia, kwa sababu huko wewe huna kalamu ya kuyafuta na msomaji analijua hilo. Usiwape zawadi kwa ajili hiyo, hata kilo moja ya nyongeza: Google wanakataza kulipia maoni kwa fedha au kwa kitu. Usiwaombe pia wale tu unaojua watasifia na kuwaruka wengine. Na kijana wako akikuahidi kwamba atapachika msimbo wa kompyuta ili nyota tano za kwenye tovuti yako zionekane kwenye matokeo ya Google, mwambie Google waliacha tangu 2019 kuonyesha nyota ambazo biashara imejiwekea yenyewe kwenye tovuti yake. Usimlipe kwa kazi hiyo.

Kuhusu idadi, ambayo kijana wako anasema ni chache: Sita zenye siku, mahali na mzani zinatosha kabisa kwa biashara ya ukubwa wako, mradi zisizeeke.

Kwa hiyo zile 12 tuzifanyeje? Tisa ni shukrani tupu. Zitoe kwenye tovuti, uwajibu wenyewe waliozituma, inatosha. Zilizobaki tatu zina mbegu ndani yake. Yupo aliyeandika "mzigo umefika Mbezi salama, asante kwa risiti". Mpigie huyo kwanza, muulize alikuwa anaogopa nini kabla ya kupata hiyo risiti. Nadhani yeye ndiye wa kukaa juu ya Lipa Namba. Yupo mama wa Dodoma aliyesema watoto wamegoma kurudi kwenye mchele wa zamani. Muulize zamani walikuwa wanakula upi na wameona tofauti gani, maana hapo kuna habari ya harufu. Wa tatu ameandika tu "kilo zimetimia". Muulize alipima wapi.

Simu tatu hizo unaweza kuzipiga Jumapili mchana watu wakiwa wametulia nyumbani. Kaa na daftari, na uandike wanavyosema wao.